Anti wa Ngozi anajibu: HIFU, Ultherapy au Sofwave, nifanye ipi?

Wapenzi wangu, safari hii barua zimenijia nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, izi mashine za kukaza ngozi ya uso kwa mawimbi ya sauti bila kupasuliwa. Nimechukua tano. Wageni wa ukurasa huu mjue tu kwamba mi sio daktari, ni nesi, nimekaa kliniki ya ngozi miaka 11, nimewashikia mkono wengi wakifanyiwa na wengine nimewapokea wakiwa wameshaharibiwa huko walikotoka.

*Shikamoo Anti. Nina miaka 47, naishi Tabata. Toka mwaka jana mashavu yameanza kudondoka, yani nikiinama kufua nahisi uso wote unashuka, na chini ya kidevu kuna kinyama kinaning'inia. Saluni ya jirani wana HIFU ya 12D wanasema nafanya mara moja tu natoka binti. Kliniki nyingine wao wana Ultherapy ila bei yao ni mara nne ya saluni. Wifi yangu yupo Dubai anasema niachane na zote nisubiri nikienda kumtembelea nifanye Sofwave. Mi ni mweusi haswa, na rafiki yangu alifanya leza akabaki na madoa, kwa hiyo naogopa. Nifanye ipi? Mama Wawili, Tabata.*

Marahaba mwanangu. Nianze na uoga wako maana ndio una jibu zuri kuliko yote. Leza ni mwanga, na leza nyingi zinatafuta rangi, sasa ngozi yetu sisi rangi imejaa juu kabisa kwa hiyo mwanga ukifika unanasa hapo hapo na joto linabaki juu, ndo maana rafiki yako akatoka na madoa, sio lazima kwamba alikuwa na mkosi, inawezekana alikutana na leza isiyofaa ngozi yake au mtu hakujua kuiset. Sauti haioni rangi. Ni ultrasaundi ile ile uliyopimwa ukiwa mjamzito, wanapaka jeli ya baridi wanapitisha kile kichwa cha mashine, mweusi mweupe kwake sawa. Tofauti ni kwamba ile ya mimba mawimbi yanatawanyika na hayachomi kitu, hii ya uso yanakusanywa yakutane kwenye kinukta kimoja huko chini ya ngozi. Umeshawahi kuona watoto wanachukua kioo cha kukuzia wanakipanga na jua mpaka jani kavu linatoa moshi? Ndio hivyo. Juu mwanga unapita kawaida, pale unapokutana ndo pana moto.

Hapo pakikutana panafika nyuzi joto 60 mpaka 70, kinukta cha kama milimita moja tu, nyama ya pale inaiva kidogo inajikunja, alafu mwili unaona kuna kidonda ndani unaanza kukitengeneza, na katika kukitengeneza unaleta kolajeni mpya, ile protini inayoshikilia ngozi. Kwa hiyo kinachokaza uso ni mwili wako wenyewe, mashine imeuchokoza tu. Mambo mawili yanatoka hapo na nataka uyakumbuke. La kwanza, huwezi kutoka binti siku hiyo hiyo, mwili unahitaji miezi 2 mpaka 3 ndo uanze kuona vizuri na unaweza kuendelea kubadilika hadi mwezi wa 6, anayekuahidi leo jioni anakuahidi uvimbe, maana uso ukivimba kidogo unaonekana umejaa na umekaza alafu wiki ijayo unarudi ulivyokuwa. La pili, ile nukta imewekwa kina gani? Hapo ndo pana swali lako lote.

Mashine nyingi zina vichwa vya kina tofauti. Cha milimita 1.5 kinafanya kazi kwenye ngozi ya juu juu, ile mikunjo midogo ya karibu na macho na mdomo. Cha 3.0 kinashuka zaidi, kwenye ngozi ya ndani. Cha 4.5 kinafika kwenye tabaka ambalo madaktari wanaliita SMAS, ni kama shuka jembamba limefunika misuli ya uso, na ndilo hilo hilo daktari wa upasuaji analivuta akimfanyia mtu uso. Wewe unaniambia mashavu yamedondoka na kidevu kinaning'inia, iyo ni kazi ya 4.5 na 3.0. Mtu ambaye uso haujashuka ila ngozi imekuwa kama karatasi iliyokunjwakunjwa, huyo shida yake ipo juu.

Sasa majina. HIFU ni jina la ukoo, sio jina la mashine. Ni aina yote ya ultrasaundi iliyokusanywa kwa nguvu, hata hospitali wanaitumia kuunguzia uvimbe, Marekani waliruhusu kutibu fibroidi kwa njia hiyo toka 2004. Ndani ya ukoo huo Ultherapy ni mtoto mwenye cheti. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kuinua nyusi mwaka 2009, ikaongeza chini ya kidevu na shingo 2012, alafu mikunjo ya kifuani 2014. Kinachoitofautisha na wenzake ni skrini, yule anayekufanyia anaona tabaka za ngozi yako hapo hapo kabla hajabonyeza, anaona hapa mfupa upo karibu, hapa kichwa hakijashika vizuri, anasogeza. Nyuso hazifanani mwanangu. Mwingine milimita 4.5 kwenye shavu ni shuka lenyewe, mwingine mwembamba 4.5 yake karibu na taya ni mfupa. Bila skrini unafanya kwa uzoefu na kwa kubahatisha.

Kuna mashine za Korea pia, Ultraformer, Doublo, ni nzuri, zinafanya haraka na wengi wanasema maumivu ni kidogo, na daktari anayeijua uso anakufanyia kazi nzuri tu. Mi sizidharau. Lakini 12D mwanangu hakuna kitu kama hicho kwenye utabibu, ngozi yako haina vipimo 12, iyo namba ni ya mwenye kuuza mashine, leo 7D kesho 12D keshokutwa 22D. Wakikwambia hivyo waulize swali moja tu, mashine inaitwa nani na imetengenezwa na kampuni gani. Wakikuonyesha boksi jeupe halina jina, chukua pochi yako.

Sofwave ya wifi yako ni kitu kingine kabisa ingawa nayo ni ultrasaundi. Yenyewe haikusanyi mawimbi kwenye nukta, inatuma mihimili 7 iliyolala sambamba, inapasha joto tabaka moja tu, la milimita 1.5, huku inapoza ngozi ya juu isiungue. Haishuki kwenye mafuta, haifiki kwenye mishipa ya fahamu. FDA iliiruhusu kwa mikunjo 2019 na kuinua nyusi, kidevu na shingo 2021. Ni salama sana kwa ngozi nyeusi na dakika 45 hivi umemaliza, ila haigusi lile shuka la chini. Kwa mtu mwenye uso mwembamba mi ningemwambia aende hiyo. Kwa mashavu yako yaliyoshuka, hapana, wifi anakupenda lakini anaongelea uso wake.

Ningekuwa wewe ningefanya ya 4.5 na 3.0 kwenye mashine yenye skrini, kwa daktari, hata kama itabidi ucheze upatu miezi kadhaa. Hela ikigoma kabisa, mashine ya Korea inayojulikana na mikono ya daktari. Ya saluni usifanye kabisa, bora ukae na mashavu yako. Maana nilikwambia sauti haioni rangi, ni kweli, ila jeli ikiwa kidogo au kichwa kikishikwa upande upande, joto linabaki juu, unapata mistari ya kuungua, na ngozi yetu ikiungua inaacha weusi miezi na miezi. Niliwahi kumpokea dada mmoja ana mistari mitatu imenyooka shavuni kama kaburuzwa uma wa moto. Mashine haikumfanya hivyo kwa sababu ya weusi wake. Mtu alikuwa anaongea na simu huku anapitisha.

Na inauma nisikufiche. Mi nilifanya nikiwa na miaka 52, nimepakwa krimu ya ganzi na nimekunywa dawa ya maumivu kabla, mashavuni nilivumilia ila kwenye mfupa wa taya ilikuwa kama jino linang'olewa taratibu. Nilipiga picha dirisha moja saa ile ile ya asubuhi kila wiki, ya kwanza mpaka ya sita sikuona kitu nikaanza kuumia na hela yangu, ya kumi ndo nikaona mstari wa taya umerudi. Sio wa usichana, ni kama wa miaka mitano nyuma. Ulikaa mwaka na miezi kadhaa. Kama unataka zaidi ya hapo, au shingo yako imeshatengeneza ngozi ya kushika mkononi, hakuna ultrasaundi itakayokufikisha, hapo ni daktari wa kupasua, na kliniki ya kweli itakwambia hivyo bila kuchukua hata senti yako.

*Assalaam alaykum Anti. Mie mwanangu wa kike aolewa baada ya wiki tatu hapa Mombasa, nataka nifanye HIFU nionekane vizuri siku ya kupamba. Yawezekana? Mama Bibi Harusi.*

Waalaykum salaam, na hongera sana mamangu, Mungu awape kheri. Usifanye. Wiki tatu haitoshi kuona faida ila inatosha kabisa kuona hasara, unaweza ukavimba, ukapata michubuko ya bluu, shavu likafa ganzi, na mengi ya hayo yanaisha yenyewe lakini hayaulizi harusi ni lini. Hayo ya kukaza yalitakiwa miezi minne nyuma. Sasa hivi singo ya liwa taratibu, maji, usingizi, na usijaribu kipodozi chochote kipya usoni kwako wiki hizi. Baada ya fungate ya mtoto ndo tuongee.

*Anti mambo. Niko Nairobi, nina miaka 29, nimepunguza kilo 18 mwaka huu na sasa uso umekuwa wa mzee, mashavu yameingia na ngozi imelegea. Naona wasichana kwa Instagram wanafanya HIFU wanapata jawline kali. Nataka ile ya kina cha mwisho. Kanini.*

Poa Kanini, na pole, najua umepambana na kilo hizo alafu uso unakulipa hivi. Ila soma hapa pole pole kabla hujalipa mtu. Mafuta ya shavuni ndo yanashikilia uso wa msichana. Wewe umeyapoteza. Ukienda sasa kuweka joto la 4.5 kwenye shavu ambalo halina kitu, lile joto linaweza likaangukia kwenye mafuta machache yaliyobaki likayamaliza, na mafuta yaliyoyeyuka shavuni hayarudi kama ya tumboni. Wale wa Instagram wengi wana nyuso za duara zenye nyama, kwao kupungua kidogo chini ya taya ni faida. Uso mmoja unapendeza kwa kitu ambacho kingeuharibu mwingine.

Kwanza uzito utulie. Kaa miezi sita bila kupanda wala kushuka, kula protini ya kutosha, kama ulitumia zile sindano za kupunguza uzito mwambie daktari wa ngozi asije akadhani ni uzee. Una miaka 29, ngozi yako bado ina nguvu, mara nyingi inajirudisha yenyewe zaidi ya unavyodhani. Baada ya hapo kama bado umelegea, hapo ndo Sofwave au kile kichwa cha 1.5 na 3.0 tu, na mwambie kwa mdomo wako kabisa kwamba hutaki 4.5 kwenye mashavu. Mashimo yenyewe yanajazwa, hayakazwi, na hilo ni somo la filla, zile sindano za kujaza, ambalo nitaliandikia siku yake. Na kabla hujalala kwenye kitanda cha mtu yeyote tafuta jina lake kwenye orodha ya madaktari ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, iko mtandaoni, dakika mbili tu.

*Assalaam alaykum dada. Mimi ni wa Tanga ila nafanya kazi Muscat mwaka wa saba. Nina miaka 41. Nimetumia mkorogo usoni miaka sita, sasa ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, jua likipiga inawaka. Nimeambiwa Ultherapy itarudisha ngozi nene. Nikirudi likizo nifanye? Naomba usitaje jina.*

Waalaykum salaam mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Sitakusema, maana najua waliokuuzia walikwambia ni krimu ya mimea.

Jibu ni usifanye kwa sasa, wala Ultherapy wala HIFU wala Sofwave. Nimeeleza huko juu kwamba mashine inachokoza na mwili ndo unajenga. Mikorogo mingi ina steroidi kali, hidrokwinoni, na mingine ina zebaki, na steroidi kazi yake mojawapo ni kuuzuia mwili usijenge kolajeni, ndo maana umebaki na ngozi nyembamba. Ukiweka joto hapo umemwita fundi ambaye amefungwa mikono. Na ngozi ya juu ikiwa nyembamba hivyo hata ule mpango wa vina unavurugika, kinachotakiwa kiwe ndani kinakuwa karibu na nje.

Na tafadhali sana usiitupe ile krimu leo usiku kwa hasira. Steroidi ya miaka sita ukiiacha ghafla uso unaweza ukalipuka, ukawa mwekundu, ukawasha, ukatoka vipele na maji, watu wengi wanarudi kwenye mkorogo kwa sababu ya wiki hizo mbaya tu. Nenda kwa daktari wa ngozi hapo hapo Muscat, mwambie ukweli wote na mpelekee kikopo chenyewe, akupangie jinsi ya kushuka taratibu. Ukirudi nyumbani, KCMC pale Moshi kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda, RDTC, kipo toka 1992, wamefundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, na kutoka Tanga sio mbali. Kinga ya jua kila siku, kofia, mafuta yasiyo na manukato. Inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Siku daktari akikwambia ngozi imepona, niandikie tena, tutaongea mashine, na nitafurahi kuliko unavyodhani.

*Habari Anti. Nina saluni Mwanza, inaenda vizuri. Nataka kuongeza HIFU, nimeona mashine ya China mtandaoni bei nzuri na wanatoa mafunzo ya video na cheti. Wateja wanaiulizia kila siku. Ninunue? Mwenye Saluni.*

Nzuri ndugu yangu, na nashukuru umeuliza kabla hujanunua. Najua wateja wanaulizia na kodi ya fremu haisubiri mtu. Nakuomba usinunue.

Japani saluni zao ziliingia humu kabla yetu, na wao ni watu wa utaratibu sana. Malalamiko yakajaa, watu wameungua, wengine midomo imekwenda upande kwa sababu neva ya uso imepigwa joto, wengine macho, mtu kapitishiwa mashine karibu na jicho mawimbi yakaingia ndani akapata mtoto wa jicho. Kamati ya serikali yao ikachunguza ikatoa ripoti 2023, na 2024 wizara ya afya ikasema wazi kwamba HIFU ni kazi ya udaktari, asiye daktari akimfanyia mteja anavunja sheria. 

Neva inayoshusha mdomo wa chini inapita kwenye ukingo wa taya, karibu kabisa na ngozi, pale pale mteja anapotaka akazwe. Daktari kakaa miaka kusoma inapita wapi. Video ya saa mbili haikwambii, na haikwambii mteja mwenye kifaa cha moyo asiguswe, mjamzito asiguswe, mwenye chunusi kubwa za usaha asubiri, mwenye historia ya makovu ya kuvimba aulizwe vizuri kwanza. Alafu zile katriji, yani vile vichwa vya mashine, kila moja ina idadi ya mistari yake, ikiisha nguvu inatakiwa itupwe, na huku mtaani kuna watu wanazirudishia namba ziendelee kuhesabu. Utakuwa unamlipisha mama wa watu kwa joto ambalo halipo, au lipo mahali ambapo sio. Mara nyingi mdomo ukipinda unarudi baada ya wiki au miezi, ila huyo ni mteja wako na anakaa mtaa wenu, atakaa na uso huo sokoni na kanisani wiki zote hizo, na cheti cha video hakitamsaidia wala hakitakusaidia wewe.

Iyo hela weka kwenye kitanda kizuri cha feshio, taa, sterilaiza ya vifaa, na umlipie msichana wako mmoja kozi ya ngozi ya kweli darasani. Tafuta daktari mmoja wa ngozi hapo Mwanza muelewane, mteja anayetaka kukazwa unampeleka kwake, anarudi kwako kwa matunzo ya kawaida, hawa wateja hawapotei. Na kama umeshatuma advansi kwa huyo muuzaji, mpigie leo leo kabla mzigo haujapakiwa, mwambie akubadilishie na mashine ya mvuke.